Somo: Kuachana na chakula cha kiwandani kwa kuanza na sufuria ya maharage

Anayetaka kuacha vyakula vya paketi mara nyingi huanza kwa kumwaga kila kitu kabatini. Siku ya nne anarudi nyumbani na njaa, hakuna kilichoiva, na tambi za dakika tatu zinamrudia. Chakula cha kiwandani kinauzika kwa sababu kiko tayari, kwa hiyo na wewe uwe na chakula halisi kilicho tayari. Maharage makavu yanafaa kuanzia: unapika mara moja, unakula siku kadhaa.

Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake kwenye Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliwalisha watu 20 vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi kwa wiki mbili, na visivyosindikwa kwa wiki mbili nyingine. Kila mmoja alikula hadi ashibe. Kwenye vyakula vya kiwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku, ingawa milo iliyoandaliwa ilikuwa na kiasi sawa cha sukari, mafuta na chumvi.

1. Soma paketi kwanza
Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia. Sukari ikiwa ya kwanza au ya pili, rudisha. Ijue pia kwa majina mengine: glukosi, dekstrosi, sharubati ya mahindi. Palipoandikwa sodiamu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi: miligramu 800 za sodiamu ni gramu 2 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima abaki chini ya gramu 5 kwa siku. Kusindika peke yake si kosa. Kukausha, kusaga na kugandisha ni kusindika pia.

2. Chambua na uloweke
Gramu 500 za maharage, maji lita 2, chumvi vijiko viwili vya mezani visivyojaa sana. Loweka saa 8 hadi 12. Chumvi haiyafanyi maharage kuwa magumu kama inavyosemwa. Sodiamu inachukua nafasi ya kalsiamu na magnesiamu kwenye ganda, na ganda linalainika bila kupasuka. Kukiwa na joto kali, loweka kwenye friji, la sivyo maji yatatoa povu na harufu ya uchachu. Mwaga maji hayo, suuza vizuri.

3. Chemsha
Weka maji mapya yapite maharage kwa sentimeta 5. Yatokote kwa nguvu dakika 10 au zaidi, kisha punguza moto, funika, acha dakika 45 hadi 90. Usiruke hatua ya kutokota. Maharage mekundu yana lektini, sumu ya asili, na punje nne au tano mbichi zinatosha kukutapisha. Moto usiofikia kuchemka hauivunji, hata unaweza kuizidisha, hivyo majiko ya umeme ya kupika polepole hayafai kwa maharage ambayo hayajatokoteshwa kwanza. Kwenye sufuria ya presha usijaze zaidi ya nusu. Povu huziba valvu.

Nyanya, ndimu na siki vinasubiri mpaka punje ilainike kabisa. Asidi huyafanya yabaki magumu.

4. Ladha bila vidonge vya supu
Hapa ndipo wengi hushindwa. Kidonge kinatoa chumvi na ladha nzito ya nyama, na ukikiondoa bila mbadala sufuria inapooza. Kaanga vitunguu viwili kwa moto mdogo dakika 15 hadi 20 viwe rangi ya kahawia. Ukiharakisha vinaungua nje na kubaki vibichi ndani. Ongeza vitunguu saumu, bizari nyembamba kijiko cha chai, giligilani ya kusaga kijiko cha chai, kisha nyanya, uzikaange mpaka mafuta yajitenge. Mimina maharage yaliyoiva humo, malizia kwa ndimu. Mara nyingi mtu anaongeza chumvi wakati kinachokosekana ni uchachu.

5. Hifadhi
Yapoe, yaingie friji ndani ya saa mbili. Hukaa siku 3 hadi 4. Ya kugandisha yagawe kwa mlo mmoja mmoja, yafunikwe na maji yake, na uache nafasi ya sentimeta 2 kwenye chombo kwa sababu maji hutanuka yakiganda.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, nimechemsha saa tatu na bado ni magumu. Shida nini?*
Ni ya zamani, au yalihifadhiwa kwenye joto na unyevu, au maji yako yana chokaa nyingi. Tia bikaboneti ya soda robo kijiko cha chai kwa gramu 500. Usizidishe: yatanuka sabuni na vitamini B1 itapotea.

*Gesi je? Tumbo linavimba.*
Gesi inatokana na sukari zinazofika utumbo mpana bila kumeng'enywa. Maji ya kulowekea yamwagwe, na anza na vijiko vitatu kwa mlo, uongeze polepole kwa wiki kadhaa.

*Kwa hiyo ya kopo ni marufuku?*
Hapana, dada. Kopo lenye maharage, maji na chumvi tu halina tatizo kubwa. Chuja, suuza, chumvi itapungua. Yaliyo kwenye mchuzi wa sukari ndiyo ya kuacha.

*Watoto wamezoea vidonge, wanasema chakula hakina ladha.*
Weka nusu kidonge wiki mbili, robo wiki mbili, kisha acha. Ulimi huzoea chumvi kidogo, lakini unahitaji wiki, si siku.

*Unga usiokobolewa unanichachia, nifanyeje?*
Kiini cha nafaka kina mafuta, na yakikutana na hewa yanaharibika. Nunua wa wiki chache tu, uweke kwenye chombo kinachobana, ndani ya friji au friza.

*Mgonjwa wa figo anaweza kufuata somo hili?*
Aulize daktari wake kwanza. Maharage yana potasiamu na fosforasi nyingi, na kiasi chake hutegemea vipimo vyake.