Angalia mhimili kabla ya kuiamini dimeri

Ukifungua muundo wa dimeri (jozi ya vipande viwili vya protini vilivyoshikana) ya protini inayosafirisha vitu kwenye utando wa seli, usikimbilie tundu la kupitishia. Tafuta kwanza mhimili wa ulinganifu: mstari ambao ukiizungusha dimeri nusu duara kuuzunguka, kipande kimoja hukaa mahali pa kingine. Mhimili ukiwa umesimama wima kukatiza utando, vipande vyote viwili vimeelekea upande mmoja. Ukiwa umelala sambamba na utando, kimoja kimepinduliwa kichwa chini.

Kupinduka si lazima kuwe kosa. EmrE, protini ya kusafirisha ya bakteria E. coli, yenye asidi amino 110 tu, hufanya kazi hivyo hasa. Ila fuwele za protini, ambazo miundo hii husomwa kutoka kwazo, nazo zina vituko vyake: huweza kugandisha vipande kwa mpangilio ambao utando usingeukubali.

Hesabu basi lisini na arjinini, asidi amino zenye chaji chanya, kwenye vitanzi vinavyounganisha heliksi (sehemu zilizojisokota zinazokatiza utando). Kazi ya kalamu tu. Kwa kawaida upande wenye nyingi hubaki ndani, kwenye saitoplazimu (ute wa ndani ya seli). Tofauti ikiwa kubwa, dimeri iliyopinduliwa itilie shaka. Ikiwa ndogo, kama kwa EmrE, protini ileile huweza kujipachika kwenye utando kwa mielekeo yote miwili.