Doom 3 kwenye konsoli: namna ya kufika mwisho bila kuishiwa risasi gizani

Jua kwanza una toleo lipi. Doom 3 ya id Software, gemu la kupiga mashetani kwa bunduki, ilitoka kwenye kompyuta mwaka 2004, ikaingia Xbox ya kwanza mwaka 2005. Mwaka 2012 ikaja BFG Edition ya PlayStation 3 na Xbox 360, na mwaka 2019 gemu likafika PlayStation 4, Xbox One na Nintendo Switch kwa msingi wa toleo hilo la 2012. Tofauti kubwa kwa mchezaji ni tochi. Kwenye Xbox ya kwanza tochi inahesabiwa kama silaha: ukiishika, bunduki imeshuka, ukipandisha bunduki, giza limerudi. Kuanzia BFG Edition tochi imefungwa kwenye deraya, kwa hiyo unamulika huku unapiga, ila betri yake haifiki mbali. Inadumu takriban nusu dakika, kisha lazima uizime ijichaji, jambo linalochukua sekunde chache tu. Wengi huiacha ikiwaka hata kwenye vyumba vyenye taa, halafu inawazimikia mlangoni pa chumba cheusi. Iwashe kwenye kizingiti, si kabla.

Gemu linaanzia Mars City, kwenye kituo cha kampuni ya UAC huko Mirihi mwaka 2145, na dakika za mwanzo hakuna adui hata mmoja. Huo ndio muda wa kurekebisha mipangilio. Simama katikati ya korido, sukuma kijiti cha kulia hadi mwisho na uangalie unachukua muda gani kugeuka nyuma kabisa. Ikizidi sekunde moja, ongeza wepesi wa kugeuka. Gemu hili linapenda sana kukushambulia kutoka mgongoni, na kasi ndogo ya kijiti inaua watu kuliko ulengaji mbovu. Televisheni iweke kwenye hali ya gemu ili kitufe kisichelewe. Mwangaza usiupandishe mpaka weusi ugeuke kijivu: macho ya mashetani, mipira ya moto na taa za mashine huonekana vizuri kwa sababu pembeni kuna giza la kweli. Ukilipausha giza, kila kitu kinafanana na ukuta.

Ugumu uchague Marine kama ni mara ya kwanza. Recruit inakusamehe mno, hivyo hujifunzi chochote kabla ya maabara za Delta Labs, na huko ndiko gemu linapoanza kudai.

Shotigani na urefu wa mkono

Silaha itakayokubeba nusu ya kwanza ya safari ni shotigani. Inabeba risasi 8 na marisau yake hutawanyika sana. Ukiwa hatua mbili kutoka kwa Imp, shetani wa kawaida wa gemu hili, pigo moja linatosha. Ukiwa ng'ambo ya chumba, unaweza kumaliza risasi zote nane na shetani bado amesimama. Kosa la kawaida ni kufyatua kwa hofu mara tu unapomwona. Ngoja. Mwache ajaze katikati ya kioo, ndipo ubonyeze.

Chukua tukio linalojirudia zaidi kuliko yote. Mlango wa chuma unateleza na kufunguka. Imp yuko palepale nyuma yake, ameinama, na kabla hujajua ni nini ameshakurukia kifuani. Dawa ni mwendo wa kufungulia milango. Ishike shotigani ikiwa imejaa, usogelee mlango mpaka uanze kufunguka, kisha rudi nyuma hatua mbili na moja ya pembeni. Imp akiruka, anatua mahali ulipokuwa, mbele ya mtutu. Hapo hukosi. Ukiingia mlangoni kwa mbio, yeye ndiye anayechagua umbali.

Imp wa mbali ana tabia mbili: hurusha mpira wa moto, au hujikunyata na kuruka. Mpira unakwepeka kwa hatua moja ya pembeni. Akijikunyata, usikimbilie nyuma kwa mstari ulionyooka, maana mruko wake unakufikia. Nenda pembeni, mpige akitua.

Kujaza shotigani kunachukua muda. Jaza kila baada ya pambano, hata kama umetumia risasi mbili tu. Ikiisha katikati ya vita usisimame kuijaza: badili uende kwenye rashasha, yenye risasi 60, ambayo pia ndiyo ya kutumia kwa adui wa mbali. Bastola ina risasi 12 na inalenga vizuri, lakini baada ya kupata rashasha huna sababu kubwa ya kuirudia isipokuwa kwa zombi wa polepole aliye peke yake.

Ya mgongoni

Mashetani wengi hawatoki mlangoni. Hutokea hewani, kwa mmweko mwekundu na mngurumo, na una kama sekunde moja kabla hajaanza kutembea. Akitokea mmoja mbele yako, chukulia yupo mwingine nyuma. Mwonekano wa kwanza ukishauona, rudi kinyumenyume hadi ukutani au konani, ili pande zako ziwe mbili badala ya nne. Vipokea sauti vya kawaida vya masikioni vinasaidia kuliko televisheni kubwa, kwa sababu mlio hukuambia ni kushoto au kulia kabla jicho halijapata kitu.

Mtego mwingine ni kipande cha ukuta kinachofunguka ukiokota kitu. Ukiona deraya au boksi la risasi limewekwa peke yake katikati ya chumba kitupu, limewekwa kwa makusudi. Liokote, kisha geuka papo hapo kuelekea ulikotoka, bunduki mbele. Mara kwa mara ndiko ukuta unakofunguka. Wabunifu wa gemu wameurudia mchezo huu hadi unachosha kidogo, na hilo ni faida kwako: baada ya saa tatu utakuwa unaotea.

Maiti nazo zina kanuni. Shetani akifa huungua na kutoweka. Binadamu hubaki sakafuni. Kwa hiyo mwili uliolala unaweza kuwa mwili kweli, au zombi anayengoja upite. Usiupige risasi ili kuhakikisha, utamaliza akiba. Pita ukiwa umeuelekea, mwanga juu yake, mpaka uwe umetoka chumbani.

PDA na makabati

Hapa ndipo wanaokimbia wanapokosa risasi halafu wanalaumu gemu. Kila PDA unayookota, yaani kompyuta ndogo ya mkononi, ina barua pepe au rekodi za sauti, na ndani yake kuna namba za siri za makabati ya ukutani. Makabati hayo yana risasi, deraya na mara nyingine silaha kabla ya wakati wake. Rekodi ya sauti si lazima uisikilize umesimama. Ianzishe, funga PDA, iendelee kusema huku unatembea. Lakini usiianzishe ukiwa unaingia eneo jipya, kwa sababu itafunika milio ya adui. Namba ziandike kwenye karatasi pamoja na namba ya kabati, kwani kabati lenyewe linaweza kuwa vyumba kadhaa mbele.

Makabati ya Martian Buddy yana kisa chake. Namba yake haimo popote ndani ya gemu. Barua pepe ya matangazo inakupeleka kwenye tovuti, na mwaka 2004 tovuti hiyo ilikuwapo kweli kwenye intaneti. Namba ni 0508. Kisa kingine cha kuchekesha kidogo ni misumeno ya mnyororo: wafanyakazi wa UAC wanalalamika kwamba ililetwa kimakosa badala ya vifaa vya kuvunjia miamba. Ndiyo maana unaikuta Mirihi, mahali pasipo mti hata mmoja.

Uhai wako kikomo ni 100 na deraya 125. Kwenye kuta kuna vituo vya tiba vinavyoonyesha kiasi kilichobaki. Usikikaushe kituo ukiwa na 85; kumbuka kilipo, maliza chumba kinachofuata, kisha rudi. Kuhifadhi gemu nako kuna namna: gemu hujihifadhi lenyewe sehemu maalumu, na linaweza kufanya hivyo ukiwa na uhai 8 na shetani wawili mlango wa pili. Hifadhi mwenyewe kwenye nafasi tatu tofauti, kwa zamu, ili uwe na pa kurudia.

Adui mmoja mmoja, wale wenye shida

Zombi wenye silaha hujificha nyuma ya vitu na hulenga vizuri. Shotigani haifai kwao wakiwa mbali. Chungulia konani, piga kichwa kwa rashasha, rudi. Mapipa ya mlipuko yakiwa karibu nao, piga pipa. Yakiwa karibu nawe, ondoka.

Trite, buibui mwenye kichwa cha mtu kilichopinduliwa, hafi kwa shida, ila huja kwa makundi. Rudi kwenye korido nyembamba waje kwa mstari mmoja. Pinky, yule mwenye miguu ya nyuma ya chuma, hukushukia moja kwa moja kama ng'ombe mwenye hasira: pisha pembeni dakika ya mwisho, mpige akikupita. Wraith hupotea na kutokea karibu, lakini hana cha kurusha, kwa hiyo usihangaike kumtafuta. Kaa na ukuta nyuma, atakuja mwenyewe.

Revenant hurusha maroketi mawili yanayokufuata. Watu hukimbia mpaka pumzi iishe, na roketi inawapata wakiwa wamechoka. Maroketi hayo yanapigika risasi hewani, au yanagonga nguzo ukijificha nyuma yake. Hell Knight usimruhusu akaribie kabisa: anza na roketi akiwa mbali, malizia na bunduki ya plazima. Roketi kwenye korido nyembamba itakuumiza wewe pia. Arch-vile ndiye wa kwanza kuuawa kila anapotokea, hata kama kuna wengine wanaokupiga, kwa kuwa kila sekunde anayoishi anaita wenzake. Risasi unazomnyima ili kuweka akiba utazitumia mara tatu kwa aliowaita.

Kwenye maeneo ya nje ya Mirihi hakuna hewa. Kipimo cha oksijeni kinashuka haraka, na mitungi midogo iliyotawanyika ndiyo inayokiongeza. Usipigane huko kama si lazima. Tafuta mlango unaofuata kwa macho kabla hujatoka, kisha kimbia. Huko Alpha Labs utakutana na mwanasayansi mwenye taa ya mkononi. Tembea karibu naye, mlinde, kwa sababu akifa taa inakwenda naye. Roboti wadogo walinzi nao waache watangulie: wanaua vizuri kuliko unavyotarajia, na risasi zao hazikugharimu chochote. Kuhusu uamuzi wa kutuma au kutotuma ujumbe pale Communications, chagua upendavyo. Hadithi inafika palepale.

Kuzimu na wakubwa wake

Baada ya Delta Labs unatupwa Kuzimu na silaha zako zote zinapotea. Usihifadhi risasi nyingi kwa ajili ya huko. Zitumie Delta Labs. Kuzimu zipo nyingine njiani, na pumzi ya kukimbia haiishi, kwa hiyo kimbia bila kuhesabu.

Guardian ni kipofu. Anaona kupitia viumbe vidogo vyenye mwanga vinavyozunguka hewani. Viangushe vyote. Akianza kuita vingine, mwanga wa buluu hujitokeza mwilini mwake, na huo ndio pekee unaomuumiza. Kumpiga kwingineko ni kutupa roketi. Rudia mzunguko huo mpaka aanguke, kisha chukua Soul Cube, silaha ya kurusha.

Soul Cube hujaa baada ya kuua viumbe 5, na utaisikia ikinong'ona ikiwa tayari. Ikirushwa huua shetani wa kawaida papo hapo na kukupa uhai wake. Tumia kwa Hell Knight au Arch-vile ukiwa umebaki na uhai mdogo, si kwa Imp.

Bunduki iitwayo BFG ina hatari yake: ukishikilia kifyatulio inajikusanyia nguvu, na ukipitiliza inalipuka mikononi mwako. Sabaoth, bosi mwenye mwili wa mashine, anakurushia mipira ya silaha hiyohiyo. Mipira hiyo huharibiwa kwa risasi ikiwa bado mbali, kwa hiyo shika rashasha au plazima, piga mpira kwanza, kisha yeye.

Kwa Cyberdemon hakuna silaha nyingine inayofanya kazi ila Soul Cube. Usimrushie roketi hata moja. Zunguka uwanja ukimwacha upande mmoja, ua wadogo wanaoletwa mpaka watimie watano, rusha, anza kuhesabu tena. Pumzi itumie kukwepa roketi zake, si kuwakimbilia wadogo; watakufuata wenyewe. Ukikusudia kurudia gemu kwa Nightmare, mzunguko huo utaufanya tangu mwanzo: uhai wako unavuja wenyewe hadi 25, lakini Soul Cube unayo tangu mwanzo, na kila wa tano ndiye anayekurudishia damu.