Machweo ya Kibirizi, ufukwe wa Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika: picha imefifia kwa nini?
Picha ikitoka na ukungu, ikuze kabla ya kuifuta. Ukiona milima ya Kongo kule nyuma inaonekana vizuri na uso wa mvuvi umefifia, fokasi (sehemu ambayo kamera imeilenga ionekane kali) imekamata pasipotakiwa. Kila kitu kikiwa na mikia ya upande mmoja, mkono ulitikisika au spidi ya shata (kasi ya kamera kufungua na kufunga mwanga) ilikuwa ndogo: mtumbwi unaoyumba unataka 1/500 ya sekunde hivi, mtu anayetembea 1/250.

Kwenye simu nyingi, gusa uso na ushikilie mpaka fokasi ijifunge, kisha telezesha kidole kupunguza mwanga, maana jua la jioni hulifanya anga kuwa jeupe tupu. Uso nao utaingia giza, hapo chagua: anga au sura.

Washa gridi (mistari ya kugawa picha) kwenye mipangilio ya kamera. Ukingo wa ziwa ukae kwenye mstari wa juu au wa chini, usipite shingoni mwa mtu (kosa hili limejaa mno). Mtumbwi uachie nafasi mbele, kule unakoelekea. Zumu ya kidole achana nayo, sogea. Na futa lenzi. Mafuta ya dagaa yanaganda.