Nyumba ya majini kwa shilingi 2,000

Kila mwisho wa Oktoba huwapambia watoto nyumba ya majini, yaani ya jini wa kuwatisha kwa mchezo, na hapa naeleza ninavyoijenga. Mwaka wa kwanza nilipotea njia. Nilitazama kwenye simu picha za Halloween, ile sherehe ya kigeni ya kutishana usiku wa Oktoba 31, nikashuka mjini nikanunua kinyago cha mpira chenye damu mdomoni, mifupa ya plastiki na utando wa buibui wa kwenye pakiti. Shilingi 4,000 na ushee zikayeyuka. Watoto wa jengo letu hapa Tudor, Mombasa, wakaingia kwenye stoo niliyoipamba, wakacheka, wakapiga picha wameikumbatia ile mifupa. Mmoja akaniuliza, "Anti, huyu mbona amekonda hivi?" Kabla sijamjibu, stima ikapotea. Wakati uo huo Bi Mkubwa wa ghorofa ya pili akaanza kushuka ngazi na mitalawanda yake, vile viatu vya mbao. Ko. Ko. Ko. Watoto kumi na wanne walitoka mbio kwa mlango mmoja, na wawili wakaacha viatu.

Tangu siku hiyo sijanunua kinyago. Mtoto wa Mombasa hamwogopi mtu wa mifupa, hajasimuliwa habari zake. Anayemwogopa ni yule mwanamke mrembo wa kando ya barabara usiku, anayenukia udi, ambaye ukitupa macho chini unakuta miguu yake ni kwato. Kila mmoja wetu ana mjomba anayeapa kwamba alimwona. Basi mimi humjenga yeye, na vingine vyote ni vya kumsindikiza. Kazi yangu ni kupamba harusi, lakini haya hata asiyejua kushika sindano atayaweza.

Anza na vifuu. Kuanzia Oktoba mosi usitupe hata kimoja. Nazi ikishavunjwa na kukunwa hubaki vifuu viwili: kimoja kina macho, kingine hakina. Vyenye macho ni mafuvu, visivyo na macho ni kwato. Ukipungukiwa, mwombe mama anayepika mbaazi za kuuza, atakupa nusu gunia na kukushukuru kwa kumpunguzia takataka.

Kwa fuvu, kwangua nyuzi kwa kisu kisha upige msasa. Nazi ina mashimo matatu: moja laini, lile chipukizi linapotokea, na mawili magumu. Geuza kifuu ili lile laini liwe mdomo. Hayo mengine yapanue kwa drili, au kwa msumari wa inchi nne uliopashwa moto na kushikwa kwa koleo. Paka chokaa iliyochanganywa na gundi nyeupe ya mbao. Chokaa tupu itabaki mikononi mwa watu. Ikikauka, chovya kitambaa kwenye chai ya rangi iliyokolea, upitishe kwenye mashimo na pembeni. Fuvu linazeeka hapo hapo. Panga kumi na mawili kwenye rafu, moja liangalie ukutani. Hilo moja ndilo watu huliuliza.

Sasa jini mwenyewe. Tafuta papi mbili za mbao, ya futi tano na nusu na ya futi moja na nusu, uzigongomee ziwe kama kiango kirefu cha nguo. Mimi hutumia mabaki ya jukwaa la bibi harusi. Kichwa ni kibuyu, au boya kuukuu la wavuvi. Vazi ni kaniki, usivishe buibui. Mwaka wa pili nilivisha buibui, na jirani yangu mmoja akaniambia kwa upole, tukiwa tunakunywa chai, kwamba nimemtundika mama yake. Alikuwa na haki. Kaniki ni rahisi, nyeusi, hairudishi mwanga, na utaipata Mtaa wa Biashara pale pale tunaponunua leso. Ipinde mwisho wake ubaki shubiri moja juu ya sakafu.

Katika shubiri hiyo ndimo kazi ilimo. Chukua vifuu viwili visivyo na macho, uviinamishe sakafuni kama bakuli lililofunikwa, na mbele ya kila kimoja ukate mkato wa V kwa msumeno wa chuma. Paka dawa nyeusi ya viatu, piga brashi mpaka ving'ae. Kila kifuu kitoboe juu, uingize kipande cha mti wa ufagio. Halafu chukua makumbi makavu ya nazi, uyachane kwa chanuo kuukuu mpaka nyuzi zilale upande mmoja, uyagandishe kuzunguka ule mti kutoka chini kwenda juu, safu juu ya safu. Ukiyagandisha kutoka juu kwenda chini manyoya yatasimama kama ya paka aliyelowa. Ukifuata mpango wangu utapata mguu wa mbuzi ambao mimi mwenyewe sipendi kuukuta gizani.

Mwanga uwe mmoja tu: tochi ndogo sakafuni, imefunikwa karatasi ya kaki yenye tundu, imulike kwato. Uso uuache gizani, kila mtu atajichorea wake. Pindo la kaniki lifunge mshipi wa kuvulia, ule mwembamba kabisa, uupitishe chini ya mlango. Mtu akivuta kidogo, vazi linapumua. Harufu pia ni kifaa: udi kidogo, lakini chetezo kikae nje dirishani, kamwe si ndani. Karafuu maiti siitumii, ingawa najua ingewatoa watu mbio. Hiyo ina wenyewe.

Vifuu viwili vya mwisho ni vya sauti. Msaidizi akae peku nyuma ya pazia la gunia, kimoja kila mkono, agonge ukingo sakafuni. Juu ya sementi utasikia mbuzi, juu ya tailizi ni punda mzima. Agonge mara mbili, anyamaze mpaka ahesabu tano. Agonge mara mbili tena, karibu zaidi. Kisha asigonge tena kabisa. Hapo ndipo mtoto humshika mwenzake. Mchague mtu mvumilivu, maana mwaka juzi nilimpa mpwa wangu akagonga kama ngoma ya chakacha, na watoto wakaanza kukatika viuno.

Taa za nje ni makaka ya madafu, yaani maganda yake matupu. Wenye Halloween yao waliichonga sura kwenye tanipu, mboga ya mizizi, kule Ireland. Waliohamia Marekani wakakuta maboga, makubwa na mepesi kuchonga, wakayashika. Hata wao walitumia kilichokuwa shambani. Hapa kwetu boga ni la kupikwa kwa tui, na ukilitoboa macho mbele ya nyanya yangu atakusomea dua. Madafu yako tele. Nenda Lighthouse, pale ufukweni Mombasa, jioni, kunywa lako, umwombe muuzaji makaka mengine matano yaliyokatwa juu tu. Usijaribu kuchonga mpaka ndani kama wafanyavyo kwenye boga, makumbi yatakuvunjia kisu. Menya ngozi ya kijani tu kwa umbo la macho na mdomo, weupe utokee, kisha toboa kwa drili katikati ya kila jicho mwanga upite. Weupe ule hugeuka kahawia kabla ya siku kwisha. Ukitaka meno yabaki meupe, yapake ndimu. Chonga siku moja kabla, si zaidi, la sivyo utafuga nzi. Ndani weka tochi. Mshumaa usiulete karibu na makumbi, makuti wala gunia. Hivyo vyote ni kuni vilivyobadilishwa jina.

Damu ilinipa funzo baya. Nilipika shira kama ya kaimati, vikombe viwili vya sukari kwa kimoja cha maji, nikatia rangi ya biriani. Kwanza ikatoka rangi ya soda ya machungwa. Nikaongeza rangi nyekundu na kijiko cha ukwaju mzito, ikawa damu kweli, nzito, nyeusi kidogo pembeni. Nikaimwaga kwenye pazia. Asubuhi sisimizi walikuwa wamepiga foleni kutoka dirishani hadi kwenye kabati langu, na ndani ya kabati kulikuwa na satini nyeupe ya harusi ya Jumamosi. Nilifua usiku kucha. Siku hizi damu ya ukutani na ya nguo ni uji wa kornflawa, rangi na chumvi, bila sukari. Shira ni ya midomo tu. Tena midomo yenyewe nimeipatia dawa: mlangoni kila mtoto hupewa mabuyu. Akifika chumba cha pili ulimi na vidole vyake ni vyekundu, na wenzake wakimmulika wanapiga kelele bila mimi kufanya lolote.

Mapazia yaliyochakaa ni merikani ya yadi tatu, iliyochanwa kwa mikono na kuchemshwa na majani ya chai. Lazima iwe pamba; chandarua kuukuu hakishiki chai, nimejaribu. Na hapa niseme kidogo, maana hunichekesha kila mwaka: merikani iliitwa hivyo kwa sababu katika karne ya 19 meli za wafanyabiashara wa Marekani, wengi wao wa Salem, Massachusetts, ziliileta Zanzibar, na kutoka huko ikaenea mwambao. Salem ndio mji wa zile kesi za wachawi za mwaka 1692, na sasa kila Oktoba hufurika wageni wa Halloween. Kitambaa kilitangulia sherehe kwa miaka mingi.

Utando wa buibui usitengeneze kwa sufi ya mto. Nyuzi zake ni fupi na zinateleza, zinabomoka na kukuingia puani. Tumia faiba ya kujazia mito, ivute ngumi moja mpaka ienee mlango mzima. Mifuko ya kubebea ya plastiki ambayo maelekezo mengi ya kigeni huitaja, Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017. Gunia linafanya kazi hiyo vizuri zaidi, na lina harufu. Vinyago vya magazeti na uji wa ngano nimeviacha. Vuli ikianza hewa inakuwa mbichi, kinyago hakikauki, mende wanakila.

Mwisho kuna sinia la kupapasa gizani: tambi baridi zenye mafuta, zabibu zilizomenywa, ukwaju uliolowekwa, na glovu ya duka la dawa iliyojazwa maji na kugandishwa. Mkono huo wa barafu utoe dakika ya mwisho, joto letu unalijua.

Mwishoni mwa Oktoba jua hutua saa kumi na mbili na dakika kumi hivi. Mimi hufungua baada ya isha, ili kelele zisiwakute watu kwenye sala. Wa chini ya miaka sita huja alasiri taa zikiwaka, wanashika kila kitu, wanapewa mabuyu, wanaondoka. Njia ya kutokea iwe wazi wala isiwe na pazia. Nilijifunza siku ya mitalawanda.

Hesabu yangu ya mwaka jana: kaniki 600, merikani 450, faiba 200, mabuyu 200, gundi 150, chokaa 100, rangi 60, mshipi 50, glovu 40. Jumla 1,850, na chenji ni ya madafu.

Novemba mosi vifuu ambavyo havikupakwa kitu humpelekea Bi Mkubwa, anawashia jiko. Mafuvu nayatia kartoni. Kwato nimezifunga kwenye kaniki yake, zipo juu ya kabati chumbani kwa mwanangu. Ndiye aliyezipiga dawa ya viatu kwa mkono wake mwenyewe, na mpaka leo hafungui kabati hilo usiku bila kuwasha taa.