Kabla ulete mbuzi kutoka Marigat, soma hii kwanza (mambo ya mathenge, ule mti wa miiba uliotoka nje)

Watu wangu wa Rongai na Solai, sikatazi mtu kununua mbuzi Marigat kule Baringo, wale mbuzi wamezoea jua na wanavumilia ukame vizuri. Lakini kabla upakie kwa pikapu jua kuna kitu unabeba bure ndani ya tumbo zao, mbegu za mathenge. Mbuzi anapenda ganda la mathenge juu ni tamu, halafu ile mbegu ni ngumu, nyingi zinapita tumboni zikiwa nzima zinatoka na mavi, yaani zinajipanda zikiwa na mbolea yake. Huko Baringo mti uliletwa miaka ya 1980 usaidie watu na kuni, na 2006 wakaazi wakaenda kortini na mbuzi asiye na meno kama ushahidi, meno zilikuwa zimeharibiwa na hayo maganda. 2008 serikali ikautangaza gugu hatari kisheria.

Kwa hivyo kitu ya kwanza ni zizi ya kando, iwe tayari kabla mbuzi wafike si baadaye. Wakae humo kama wiki moja wakila nyasi safi na maji, na mavi ya hiyo wiki isipelekwe shamba wala usimpee jirani, rundika mahali pamoja na ukiona kitu inaota hapo ng'oa. Ukinunua chakula ya mifugo ya maganda ya mathenge uliza kama imesagwa kabisa, ikisagwa unga mbegu inakufa, lakini maganda mzima kwa gunia hapana, hata ukipewa bure.

Pili, jua sura yake, na ufundishe wale vijana wanachunga juu wao ndio wanazunguka huko kila siku. Mathenge inafanana na migunga yetu na watu wengi wanapita tu. Angalia matawi yanayoenda zigizagi, miiba miwili miwili, maua marefu ya kijani-manjano yananing'inia ka viwavi, na ganda la manjano lisilopasuka likikauka, halijisokoti vile ya mgunga ule wa mwavuli. Kiangazi ikikausha kila kitu na kuna kichaka kimoja kimebaki kijani hapo kwa lagha (mto mkavu wa msimu), nenda uangalie hicho kwanza, mafuriko pia inabeba mbegu.

Zana panga mapema: jembe, sururu, glavu ngumu na gambuti. Ule mwiba unatoboa hata tairi, sasa akala ni nini. Miche ing'oe mvua ikinyesha udongo ukiwa laini, ni kazi ya dakika. Ikishakuwa mti, kukata na panga juu juu ni kuiongezea matawi tu, lazima uchimbe ukate mzizi chini ya ardhi, ama upake kisiki dawa hapo hapo ukishakata (ulizia afisa wa kilimo ni gani na uiweke mbali na maji). Moto peke yake usitegemee, inachipuka tena. Na wale wanasema wacha ikue tuchome makaa, sawa, lakini wakishabeba makaa ni nani atachimba visiki? Hiyo muelewane kabla panga iguse mti, na kusafirisha makaa kunataka kibali.

Mwisho ongeeni na majirani mnaochunga pamoja, mchague nani atapita kwa lagha na njia ya mifugo kila mvua ikiisha, juu mbegu iliyobaki kwa udongo inaweza kungoja miaka.