Namna ya Kutafuta Gari Bovu la Bei Nafuu na Kupatana Bei Yake

Wanunuzi wengi wa magari yaliyotumika huanza kwa kuuliza bei, kisha ndipo wanapoulizia ubovu. Kwa gari linalohitaji matengenezo utaratibu huo unapaswa kugeuzwa, kwa sababu bei halali ya gari bovu haitoki kinywani mwa muuzaji, bali hutokana na hesabu ya kazi iliyobaki kufanywa. Anayejua ubovu ni upi, spea yake inauzwa kiasi gani na fundi atatumia muda gani kuuondoa, huwa amekwisha kumaliza sehemu kubwa ya mapatano kabla hajafungua mdomo.

Hesabu kwanza

Anza na bei ya gari zima. Tafuta magari ya muundo, mwaka na injini ileile ambayo hayana ubovu, uchunguze yananunuliwa kwa kiasi gani hasa, kwani bei iliyoandikwa kwenye tangazo ni matumaini ya muuzaji tu. Katika kiasi hicho toa gharama ya spea, malipo ya fundi, gharama ya kulivuta gari, ada za kuhamisha umiliki, na akiba ya ubovu ambao bado haujaonekana; kisha toa unafuu unaoutaka wewe mwenyewe, maana hakuna sababu ya kujisumbua na gereji kwa majuma kadhaa ili mwishowe uwe umelipa sawasawa na aliyenunua gari zima.

Tuseme gari zima la aina hiyo lina thamani ya 100. Spea na ufundi ni 30, kulivuta na makaratasi ni 5, akiba ni 10, na unafuu unaoutaka ni 15. Kikomo chako ni 40, wala si 70 kama wanavyodhani wale wanaotoa gharama ya matengenezo peke yake. Napendekeza akiba isipungue theluthi moja ya gharama ya matengenezo, na kwa gari lisilowaka kabisa ifike nusu, kwa kuwa gari lisilowaka halikupi nafasi ya kujaribu giaboksi, kusikiliza beringi za magurudumu wala kuona kama injini inachemsha. Andika kikomo hicho kwenye karatasi kabla ya kwenda kuliona gari, kwa sababu ukishasimama mbele ya gari zuri la rangi unayoipenda, hesabu ya kichwani hulegea haraka sana.

Mahali pa kutafuta

Bei nzuri hupatikana kwa muuzaji ambaye gari limekuwa mzigo kwake. Huyu anaweza kuwa mtu anayehama, warithi wanaotaka kugawana mali ya marehemu, au familia iliyokwisha kununua gari jingine na haina pa kuliegesha la zamani. Katika matangazo, usitafute kwa jina la gari peke yake. Tafuta pia kwa maneno ya ubovu, kama vile haliwaki, linachemsha, giaboksi au limesimama muda mrefu, na ujaribu majina yaliyokosewa tahajia, ambayo wanunuzi wengine hawayafikii. Tangazo lililokaa kwa majuma mengi, lenye picha mbili za giza, mara nyingi lina mwenye gari aliyechoka kuliko yule wa tangazo la jana.

Gereji ni mahali pengine pazuri ambapo wengi hawapafikirii. Karibu kila fundi ana gari lililoachwa uani baada ya mwenyewe kuambiwa gharama ya matengenezo na kushindwa kuilipa, na fundi huyo anaujua ubovu wake kwa undani. Mwombe akukutanishe na mwenye gari, upatane na mwenye gari mwenyewe, na uhakikishe kwamba deni la gereji limemalizwa kwa maandishi, la sivyo utalikuta limezuiliwa siku ya kulichukua. Kuhusu minada ya magari yaliyopata ajali na kulipwa na kampuni za bima, tahadhari moja inatosha: katika nchi nyingi hati ya gari la namna hiyo hubaki na alama ya ajali, na alama hiyo hushusha bei yake hata likitengenezwa vizuri. Kwa hiyo usilinganishe na bei ya gari lenye hati safi unapopiga hesabu yako.

Ubovu wa kununua na ubovu wa kuacha

Unafuu mkubwa upo pale ambapo dalili inatisha kuliko ugonjwa. Gari lisilowaka humkatisha tamaa mwenyewe kabisa, lakini chanzo kinaweza kuwa stata, pampu ya mafuta, au waya wa athi (unaounganisha betri na bodi ya gari) ulioshika kutu. Kelele ya kugonga gari linapokata kona humfanya abiria afikiri gurudumu linang'oka, kumbe ni jointi ya ekseli ambayo fundi huibadilisha kwa muda mfupi. Alteneta (kifaa kinachochaji betri), rejeta, thamostati (kidhibiti cha joto la injini), pampu ya maji, plagi, koili, shokamzoba na bushi ni spea zenye bei inayojulikana na kazi inayojulikana, na ubovu unaojulikana mwisho wake ndio unaofaa kununuliwa.

Gari linalochemsha linahitaji uangalifu zaidi, nami ningetaka msomaji alitilie maanani swali moja ambalo wengi hawaliulizi: baada ya mshale wa joto kupanda, gari liliendeshwa umbali gani? Kama dereva alisimama papo hapo, huenda tatizo ni feni, thamostati au mpira uliopasuka. Kama alijikaza mpaka afike nyumbani, basi silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, ambayo katika magari mengi ya kisasa ni ya alumini, inaweza kuwa imepinda na gasketi yake (utando wa kuziba kati ya hedi na injini) kuungua. Gasketi yenyewe ni ya bei ndogo; kinachokula fedha ni kufumua injini, kuipeleka hedi ikasawazishwe na kuunganisha tena. Majibu mawili ya swali hilohilo huleta magari mawili tofauti kabisa kibei.

Vilevile mkanda wa taimingi, yaani ule unaozifanya vali ziende sambamba na pistoni, ukikatika si ubovu wa mkanda tu. Katika injini nyingi pistoni na vali hupita katika nafasi ileile kwa zamu, hivyo mkanda ukikatika pistoni huzigonga vali na kuzipinda. Kabla ya kutoa bei, jua kama injini hiyo ni ya namna hiyo, na kama ndivyo, weka gharama ya vali katika hesabu.

Yapo magari ya kuacha hata kama bei inavutia. Kutu iliyokula chasisi au sehemu zinaposhikwa shokamzoba haitengenezeki kwa gharama inayokubalika. Gari lililozama kwenye mafuriko litasumbua kwa umeme miaka mingi: inua zulia la sakafuni utafute tope kavu, na uangalie kutu kwenye reli za viti, mahali ambapo maji hayafiki katika matumizi ya kawaida. Giaboksi ya otomatiki inayochelewa kushika gia au kuteleza inunuliwe tu ikiwa umehesabu bei ya giaboksi nzima nyingine. Na kwa maoni yangu gari lililofumuliwa nusu, ambalo injini yake iko kwenye maboksi matatu, liachwe na kila mtu isipokuwa fundi, kwa sababu boliti na vishikizo vilivyopotea hugharimu muda mwingi kuliko spea kubwa, na hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba vyote vimo ndani ya maboksi hayo.

Kulikagua gari

Nenda mchana, wakati hakuna mvua, na umwombe muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Kitu cha kwanza ni kuweka kiganja juu ya boneti; ikiwa ina joto, huenda gari limewashwa ili kuficha tabia yake linapokuwa baridi. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha oili na kile cha rejeta. Utando wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili unaweza kuwa ni unyevunyevu tu wa safari fupi, lakini ukiuona pia kwenye kijiti cha kupimia oili, maji yanaingia ndani ya injini. Rejeta lenye joto lisifunguliwe kamwe, kwani maji yake huruka na kuunguza.

Liwashe, mtu mwingine asimame nyuma. Moshi wa buluu maana yake ni kwamba oili inaungua, moshi mweusi unaashiria mafuta mengi kupita kiasi, na moshi mweupe mzito usioisha baada ya injini kupata joto huonyesha maji yanayoingia katika silinda na kugeuka mvuke. Betri iliyojaa husoma takribani volti 12.6 injini ikiwa imezimwa. Injini ikiwa inanguruma, kipimo kwa kawaida hupanda hadi kati ya 13.7 na 14.7, na kisipopanda, huenda alteneta au nyaya zake zina kasoro.

Magari mengi yana tundu la kuunganishia kifaa cha kusoma misimbo ya hitilafu. Nchini Marekani mfumo wa sasa umekuwa wa lazima kwa magari mapya tangu modeli za mwaka 1996, na katika Umoja wa Ulaya kwa magari ya petroli tangu 2001. Kifaa cha bei ndogo kinatosha. Msimbo P0300 unaeleza kwamba injini inamisi, yaani mafuta hayawaki ipasavyo, katika silinda mbalimbali, na P0420 kwamba kichujio cha gesi kwenye ekzosi hakifanyi kazi ipasavyo. Kichujio hicho ni ghali kwa sababu ndani yake mna madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, lakini mara nyingi huharibiwa na injini inayomisi au kula oili, kwa hiyo ukikibadilisha bila kutibu chanzo utakibadilisha tena. Kifaa kikionyesha kwamba mifumo ya kujikagua haijakamilika, elewa kwamba huenda misimbo imefutwa karibuni au betri ilichomolewa, nawe uulize sababu.

Mwisho linganisha namba ya utambulisho wa gari (VIN, wala si namba ya usajili), ambayo katika magari mengi ina jumla ya tarakimu na herufi 17, iliyo kwenye dashibodi, kwenye bodi na kwenye hati. Herufi I, O na Q hazitumiki katika namba hiyo ya 17, kwa hiyo ukikuta mojawapo, namba imenakiliwa vibaya au imeghushiwa. Tazama pia tarakimu nne za mwisho za msimbo wa utengenezaji ulio ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019, na tairi nne zilizozeeka ni gharama inayopaswa kuingia katika orodha.

Mapatano

Usitaje bei kwa simu. Kwa simu uliza kwa nini linauzwa, fundi alisema nini, na limesimama tangu lini, kisha unyamaze usikilize. Muuzaji ambaye hajabanwa husema mengi. Ukifika, usilitukane gari. Mtu aliyeendesha gari miaka mingi hukasirika likibezwa, na mtu aliyekasirika hapunguzi bei. Andika orodha ya matengenezo pamoja na bei za spea ulizokwisha kuziuliza madukani, umwonyeshe, na useme kwa heshima: “Mzee wangu, gari nimelipenda na nimelikagua. Hii ndiyo kazi iliyopo, na hizi ndizo bei nilizopewa. Nikiongeza kulivuta, ninachoweza kukupa leo ni hiki.” Kisha nyamaza. Kimya hicho ni kizito, na anayekivunja wa kwanza kwa kawaida ndiye anayesogea.

Bei yako ya kwanza iwe chini ya kikomo kwa kiasi kinachokuwezesha kupanda mara mbili, kila hatua ikiwa ndogo kuliko iliyotangulia. Orodha yako iwe ya kweli, kwa kuwa ukibuni ubovu ambao haupo na muuzaji akaujua, hata ule wa kweli hatauamini tena, na hana kosa. Kumbuka pia kwamba fedha si kitu pekee ulichonacho: kwa mtu ambaye gari linamzibia njia, ahadi ya kulipa na kuliondoa leo, bila kumrudia kwa malalamiko, ina thamani ya punguzo la maana. Akikataa, mshukuru, mwachie namba yako na kiasi ulichotaja, uondoke. Baada ya wanunuzi wengine kuja na kuondoka, kiasi hicho huonekana kwa macho mengine.

Mkikubaliana, usitoe arubuni bila risiti inayotaja namba ya gari, bei kamili na siku ya kumalizia malipo. Malipo ya mwisho yafanywe baada ya kuthibitisha kwamba jina lililo kwenye hati ni la anayeuza, au ana idhini ya maandishi, na kwamba gari halidaiwi mkopo, faini wala kodi. Mkataba ueleze ubovu unaojulikana ili pande zote mbili zilindwe. Gari lenye breki, usukani au tairi za mashaka livutwe, lisiendeshwe hata kwa umbali mfupi, na likifika gereji fundi aanze na breki, kisha mfumo wa kupoza injini, kisha oili zote na mkanda wa taimingi, ndipo mambo ya rangi na viti yafuate.