Jinsi ya kufuatilia mwenendo wa uvujaji wa data mwaka hadi mwaka

Mwongozo huu unatumia orodha ya matukio ya uvujaji wa data inayotunzwa na Wizara ya Afya ya Marekani. Sheria ya huko inazitaka hospitali na kampuni za bima kuripoti tukio lililogusa watu 500 au zaidi ndani ya siku 60 tangu ligunduliwe, na orodha, iliyo wazi kwa kila mtu, ina matukio ya tangu 2009. Ni nadra kupata rekodi ndefu namna hii bila malipo.

1. Pakua orodha zote mbili. Moja ni ya matukio ya miezi 24 iliyopita ambayo bado yanachunguzwa, nyingine ni kumbukumbu ya yale ya zamani na yaliyofungwa. Ukichukua ya kwanza tu, mwaka juzi utaonekana mtulivu kuliko ulivyokuwa. Ziunganishe, na faili ghafi lihifadhi likiwa na tarehe ya kupakua kwenye jina lake.

2. Nyoosha tarehe kabla ya jambo lingine lolote. Wamarekani huanza na mwezi. Kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Kenya au Tanzania itaisoma 03/07/2024 kuwa 3 Julai badala ya 7 Machi, wala haitakuonya. 03/25/2024 itabaki maandishi matupu kwa sababu hakuna mwezi wa 25. Utaitambua kwa kuwa imeegemea kushoto mwa kisanduku huku nyingine zikiegemea kulia. Usifungue faili kwa kubofya mara mbili. Lilete kupitia menyu ya Data ya Excel na useti safu hiyo iwe MDY (mwezi, siku, mwaka).

3. Weka tarehe tatu kwa kila tukio: wadukuzi walipoingia, walipogunduliwa, na umma ulipoambiwa. Orodha inakupa tarehe ya kuripoti peke yake. Nyingine zitafute kwenye taarifa zinazochapishwa na Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Maine. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo yenye thamani kuliko zote. Yahoo iliingiliwa Agosti 2013, ikatangaza Desemba 2016 kwamba akaunti bilioni 1 ziliguswa, kisha Oktoba 2017 ikakiri kuwa ni zote bilioni 3. Mtu anayeliandika tukio hilo chini ya 2016 anaupa mwaka huo sifa mbaya isiyo yake.

4. Tenganisha idadi ya kwanza na idadi ya sasa. Change Healthcare, kampuni ya Marekani inayochakata malipo ya matibabu, ilishambuliwa Februari 2024. Julai iliripoti watu 500, Oktoba milioni 100, na Januari 2025 kadirio likapanda hadi milioni 190. Ukikuta 500 au 501 kwenye orodha, mara nyingi ni namba ya kushikilia nafasi tu hadi idadi halisi ijulikane. Ipake rangi na uirudie kila mwezi.

5. Ongeza safu ya chanzo. Mei 2023 kundi la wadukuzi la Cl0p lilitumia tundu moja la MOVEit, programu ya kuhamisha mafaili (namba rasmi ya tundu hilo ni CVE-2023-34362), na kila taasisi iliyoumia ikaripoti kivyake. Bila safu hii, kampeni moja itahesabiwa kama mashambulizi mengi yasiyohusiana.

6. Hesabu kwa robo mwaka. Tarehe za kugunduliwa zikiwa safu C na mianzo ya robo safu H:

=COUNTIFS(C:C,">="&H2,C:C,"<"&H3)

Kwa ukubwa wa matukio tumia MEDIAN, yaani namba ya katikati zikipangwa kwa ukubwa. Ukitumia wastani wa kawaida, Change Healthcare pekee itaupandisha mwaka mzima wa 2024.

Robo mbili za mwisho zichore kwa nukta. Matukio yake mengi hayajaripotiwa bado, kwa hiyo mstari hushuka pale hata kama mashambulizi yanaongezeka. Rudia hesabu kila unapopakua upya, na utaona robo hizo zikijaa.

Kwa anayetaka kuongeza Kenya: ripoti za robo mwaka za KE-CIRT, kituo cha taifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa mtandao, huhesabu vitisho vilivyonaswa na mitambo, ambavyo hufika mabilioni. Kitisho kilichonaswa si data iliyovuja. Ziwekee jedwali lake.